Upungufu wa Usikivu kwa Watu Wazima: Ukubwa wa Tatizo, Vipimo na Huduma kwa Wananchi wa Rungwe

Upungufu wa usikivu ni miongoni mwa hali za kiafya zinazowapata watu wazima wengi nchini, lakini pia ni miongoni mwa zile ambazo wananchi huzifikisha hospitalini kwa kuchelewa sana. Mara nyingi hali hiyo haina maumivu, haionekani kwa macho na huongezeka taratibu kwa miaka mingi, kiasi kwamba mhusika mwenyewe huwa wa mwisho kuitambua. Makala haya yanaeleza namna usikivu unavyopimwa, takwimu zinazopatikana zinaonesha nini, visababishi vikuu kwa watu wazima, pamoja na utaratibu ambao mwananchi wa Tukuyu na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, anaweza kuufuata ili kupata huduma.

Maana ya upungufu wa usikivu

Nguvu ya sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mnong'ono wa karibu huwa na takriban desibeli 30, mazungumzo ya kawaida takriban desibeli 60, na mashine nyingi za kazini huvuka desibeli 85. Mtaalamu anapompima mtu usikivu, humsikilizisha milio ya masafa mbalimbali, mizito na myembamba, kisha huandika kiwango cha chini kabisa ambacho sikio limeweza kukisikia.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu ana usikivu wa kawaida endapo sikio lake lililo bora zaidi linasikia sauti iliyo chini ya desibeli 20. Kuanzia desibeli 20 hadi chini ya 35, upungufu huitwa mdogo. Kuanzia 35 hadi chini ya 50 ni wa wastani. Kuanzia 50 hadi chini ya 65 ni wa wastani uliozidi. Kuanzia 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. Na kuanzia 80 hadi chini ya 95 ni mkubwa sana. Mtu ambaye hasikii hadi sauti ifike desibeli 95 au zaidi huhesabiwa kuwa amepoteza usikivu kabisa. Upungufu unaozidi desibeli 35 katika sikio lililo bora ndio unaotajwa kuwa upungufu unaolemaza, kwa kuwa mhusika anahitaji huduma ili aweze kuwasiliana.

Ni muhimu kutofautisha hali hiyo na uziwi. Watu wengi wenye upungufu wa usikivu si viziwi. Wanasikia kwamba mtu anazungumza, lakini hawapati maneno yote. Usikivu unaopungua kwa umri au kwa kelele huanza kupotea katika milio myembamba, ambamo ndimo zilimo konsonanti kama "s", "f", "t" na "sh", ilhali irabu huendelea kusikika. Kwa sababu hiyo, mzee anaweza kusikia vyema irabu za "saa sita" na "saa tisa" asijue ni saa ipi iliyotajwa, na hivyo kukosa miadi ya kliniki au kunywa dawa kwa wakati usio sahihi. Ndiyo sababu pia wengi husema, "Nasikia, ila watu siku hizi hawatamki vizuri."

Takwimu zinavyoonesha

Katika Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu iliyotolewa mwezi Machi 2021, WHO ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wanaishi na upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao takriban milioni 430 wanahitaji huduma za kuwarejeshea uwezo wa kuwasiliana. Idadi hiyo inatarajiwa kuzidi milioni 700 ifikapo mwaka 2050. Takriban asilimia 80 ya wenye upungufu unaolemaza wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa watu waliovuka umri wa miaka 60, zaidi ya asilimia 25 wana upungufu unaolemaza.

Kwa upande wa Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliorodhesha watu 425,322 wenye ugumu wa kusikia, kati ya watu 44,928,923 waliohesabiwa. Huo ni uwiano wa takriban mtu mmoja katika kila watu 100 wa rika zote.

Takwimu hizo mbili zinapowekwa pamoja, linajitokeza jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Sensa hiyo hiyo ya mwaka 2012 ilibaini kuwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 2.5 nchini, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Iwapo robo tu ya wazee hao wangekuwa na upungufu unaolemaza, kama makadirio ya dunia yanavyoonesha, wangekuwa zaidi ya 600,000. Idadi hiyo ya wazee peke yao inazidi idadi ya watu wote, watoto kwa wakubwa, waliotajwa kuwa na ugumu wa kusikia.

Hesabu kama hiyo inaweza kufanywa kwa Rungwe. Mwaka 2012 wilaya ilikuwa na watu 339,157, wakiwemo wale wa eneo ambalo sasa ni Halmashauri ya Busokelo. Kama uwiano wa wazee ulikuwa sawa na wa Taifa, wilaya ilikuwa na wazee takriban 19,000, na robo yao ni takriban 4,700. Haya ni makadirio ya kihesabu na si matokeo ya upimaji, lakini yanatoa picha ya ukubwa wa mahitaji katika kata na vijiji.

Kwa nini kuuliza na kupima hutoa majibu tofauti

Tofauti hiyo haitokani na kasoro ya sensa. Sensa huuliza, haipimi. Katika kaya nyingi anayejibu ni mkuu wa kaya kwa niaba ya wengine, naye hutaja yule ambaye ulemavu wake unafahamika wazi: mtoto kiziwi, au mzee asiyesikia hata akiitwa kwa sauti kubwa. Mtu mwenye umri wa miaka 55 ambaye huongeza sauti ya redio na huomba kurudiwa mara mbili mbili hatajwi, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hajihesabu.

Tafiti zilizotumia vipimo zinathibitisha jambo hilo. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliopima watu zaidi ya 6,000 ulibaini upungufu unaolemaza kwa asilimia 11.7 ya watu wazima na asilimia 10.2 ya watoto. Yaani, katika mkutano wa kijiji uliohudhuriwa na watu wazima 200, kiwango kama hicho ni sawa na watu 23 wasiofuatilia vyema kinachosemwa mbele.

Jijini Dar es Salaam, watafiti waliwapima wafanyakazi 221 wa viwanda vya chuma na kuwalinganisha na walimu 107 wa shule za msingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kuwa asilimia 48 ya wafanyakazi wa viwandani walikuwa na upungufu wa usikivu, ikilinganishwa na asilimia 31 ya walimu. Kipimo kilichotumika kilikuwa makini zaidi kuliko kile cha upungufu unaolemaza, kwa kuwa kiliangalia masafa ya juu ambayo huathirika kwanza kwa kelele, na kilihesabu hata sikio moja lililoathirika. Kwa hiyo asilimia 48 hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na asilimia 11.7 za Uganda. Hata hivyo, zinaonesha kuwa dalili za awali zipo kwa watu wazima wengi ambao bado wako kazini na hawajalalamika kwa yeyote.

Msomaji anayekutana na takwimu za usikivu anashauriwa kuuliza mambo matatu: je, watu waliulizwa au walipimwa, ni kiwango gani cha desibeli kilichohesabiwa kuwa upungufu, na ni watu wa umri gani waliohusishwa. Bila majibu hayo, asilimia 1 na asilimia 48 zinaweza kuonekana kupingana, ilhali kila moja inaeleza jambo lake.

Visababishi kwa watu wazima

*Umri.* Seli zenye vinyweleo zilizomo katika sikio la ndani ndizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Seli hizo zikifa hazioti tena. Hupungua kadiri umri unavyosogea, na shinikizo la juu la damu, kisukari na uvutaji wa sigara huhusishwa na kuharakisha upotevu huo.

*Kelele.* Kiwango kinachokubalika kazini kwa saa nane ni desibeli 85. Kila nguvu ya sauti inapoongezeka, muda ulio salama hupungua kwa kasi. Katika wilaya kama Rungwe, watu walio katika hatari ni pamoja na waendesha mashine za kusaga nafaka, wapasuaji mbao wanaotumia misumeno ya injini, wafanyakazi wa mitambo viwandani, mafundi wa kuchomelea vyuma, na wale wanaokaa karibu na spika kubwa katika burudani na mikusanyiko. Vijana wanaosikiliza muziki kwa sauti kubwa kupitia spika za masikioni nao wamo katika kundi hilo. WHO inakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wanajiweka katika hatari kwa njia hiyo.

*Maambukizi ya sikio la kati.* Usaha unaotoka sikioni kwa wiki kadhaa huashiria kuwa ngoma ya sikio imetoboka. Tatizo hilo huanza zaidi utotoni, mara nyingi baada ya mafua yasiyotibiwa vizuri, na likiachwa humfuata mtu hadi utu uzima. Katika utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Mkoa wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1996, usaha sugu ulionekana kwa zaidi ya asilimia 9 ya wanafunzi wa vijijini, ikilinganishwa na zaidi kidogo ya asilimia 1 ya wale wa mjini. Wanafunzi hao leo ni watu wazima.

*Nta ya sikio.* Nta ni kinga ya asili na kwa kawaida hutoka yenyewe. Inaposukumwa ndani kwa pamba, njiti ya kiberiti au kifuniko cha kalamu, huganda na kuziba njia ya sauti. Hiki ni kisababishi ambacho mhudumu wa afya mwenye vifaa na ujuzi anaweza kukiondoa kwa siku moja.

*Dawa.* Baadhi ya dawa zinaweza kudhuru sikio la ndani, zikiwemo gentamisini na streptomisini, pamoja na baadhi ya dawa za saratani. Kwinini huweza kuleta mlio masikioni na kupunguza usikivu, ingawa hali hiyo kwa kawaida huisha dawa inapositishwa. Sindano zilizokuwa zikitumika kwa miezi mingi kutibu kifua kikuu sugu ziliwaathiri wagonjwa wengi, na ni mojawapo ya sababu zilizoifanya WHO kupendekeza matibabu ya vidonge pekee. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa hofu. Anapaswa kumweleza daktari mara tu anapoanza kusikia mlio au kizunguzungu.

*Sababu nyingine.* Homa ya uti wa mgongo, majeraha ya kichwa, urithi wa kifamilia na matatizo wakati wa kuzaliwa pia huchangia.

Athari zinazozidi sikio

Mtu asiyesikia vyema hupunguza kwenda mahali ambako kuna mazungumzo. Huanza kukaa kimya katika vikao vya ukoo, huacha kuuliza maswali katika mikutano ya kijiji na ya vyama vya ushirika, na mwisho hubaki nyumbani. Tangazo la gari la matangazo kuhusu chanjo, pembejeo za ruzuku au uandikishaji humpita. Katika familia, ukimya wake huchukuliwa kuwa ni ukali, ubishi au uzee. Tafiti za kimataifa zimebainisha kuwa upungufu wa usikivu usiotibiwa katika umri wa kati ni mojawapo ya vihatarishi vikubwa vya ugonjwa wa kusahau uzeeni ambavyo vinaweza kudhibitiwa.

Barabarani, asiyesikia honi ya bodaboda au lori linaloshuka kutoka Mbeya kuelekea Kyela yuko hatarini. Zahanati nako, anayeitikia "ndiyo" kwa maelekezo asiyoyasikia hurudi nyumbani na dawa asiyojua kuitumia. WHO inakadiria kuwa upungufu wa usikivu usioshughulikiwa huigharimu dunia takriban Dola za Marekani bilioni 980 kila mwaka.

Dalili za kuzingatia

Mtu mzima anashauriwa kupimwa endapo yeye au watu wa nyumbani mwake wanaona mambo yafuatayo:

- kuomba kurudiwa mara kwa mara, au kujibu jambo ambalo hakuulizwa;
- kuongeza sauti ya redio, runinga au simu kupita wengine;
- kusikia vizuri mtu mmoja faraghani lakini kushindwa kufuatilia mazungumzo penye watu wengi;
- kushindwa kuwasikia watoto na wanawake, ambao sauti zao ni nyembamba, kuliko wanaume;
- mlio, mvumo au filimbi masikioni isiyokwisha;
- kutokwa usaha, maumivu au kizunguzungu.

Usikivu unaopotea ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, ni dharura. Mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu hufaa zaidi yanapoanza mapema.

Utaratibu wa kupata huduma

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko mhudumu huangalia sikio, hutibu maambukizi ya kawaida na hutoa rufaa panapohitajika. Hatua ya pili ni hospitali ya wilaya, ambayo kwa Rungwe ipo Makandana, mjini Tukuyu. Wananchi pia huhudumiwa na hospitali za taasisi za dini, ikiwemo Igogwe. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa wa masikio, pua na koo hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, umbali wa takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu. Mwenye barua ya rufaa na kadi ya bima aende navyo, pamoja na orodha ya dawa anazotumia.

Matibabu hutegemea kisababishi. Nta huondolewa, maambukizi hutibiwa kwa dawa, ngoma iliyotoboka huweza kuzibwa kwa upasuaji. Upungufu unaotokana na umri au kelele hautibiwi kwa dawa, bali kwa shimesikio, yaani kifaa kinachovaliwa sikioni kukuza sauti. Kifaa hicho hurekebishwa kulingana na majibu ya kipimo cha mtu mmoja mmoja, hivyo si salama kununua kifaa chochote mitaani wala kuazimana. Kwa wale ambao shimesikio haliwasaidii, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwezi Juni 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio, huduma ambayo awali wagonjwa walilazimika kuifuata nje ya nchi.

Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini ndani ya miaka mitano. Rungwe ina uzoefu wa muda mrefu wa huduma za aina hiyo, kwani wagawa dawa waliochaguliwa na vijiji vyao wamekuwa wakizifikisha kwa kaya dawa za kukinga usubi. Mhudumu wa jamii ni mtu wa kwanza anayeweza kumwelekeza mzee asiyesikia kwenda kupimwa, na wananchi wanahimizwa kuwaeleza wahudumu hao hali za wazee wao.

Haki na wajibu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtu mwenye ulemavu, akiwemo asiyesikia, kupata afya, elimu, ajira na taarifa bila ubaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya vihatarishi, ikiwa ni pamoja na kelele. Mfanyakazi ambaye usikivu wake umeharibiwa na kazi anaweza kuwasilisha madai yake kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinaweka viwango kwa maeneo ya makazi, biashara na viwanda, na malalamiko hupokelewa na ofisi za mazingira za halmashauri na NEMC.

Kuzungumza na asiyesikia vyema

Mengi yanaweza kufanyika nyumbani na ofisini bila gharama. Msogelee mhusika na umkabili usoni penye mwanga, ili aone midomo yako. Zima redio kwanza. Zungumza kwa utulivu na kwa uwazi, bila kupiga kelele, kwa kuwa kelele huvuruga matamshi. Asipoelewa, badili maneno badala ya kurudia yale yale. Saa, tarehe, kiasi cha fedha na matumizi ya dawa viandikwe kwenye karatasi. Watumishi wa umma wanakumbushwa kumwomba mwananchi arudie maelekezo aliyopewa kabla hajaondoka dirishani.

Siku ya Usikivu Duniani huadhimishwa kila tarehe 3 Machi. Hata hivyo, kipimo cha sikio hakihitaji kusubiri maadhimisho. Kila mtu aliyefikisha umri wa miaka 50, kila anayefanya kazi penye mashine, na kila familia yenye mzee anayezidi kukaa kimya wanahimizwa kufika kituo cha afya kilicho karibu na kuomba uchunguzi wa masikio.